Spana Yenye Uzi Mwekundu

Njoo huku, Sechelela, kabla hujavaa glavu.
Daftari la zamu utalisoma baadaye.
Kwanza ujue msumari huu, kushoto kwa mlango,
usawa wa bega la mtu mfupi.
Spana ya mtungi wa oksijeni inaning'inia hapa.
Uzi mwekundu niliuchomoa kwenye pindo la kitenge changu.
Spana hii haikai drooni. Haikai mfukoni.
Ukiitumia, hata kama dari linaanguka, irudishe.

Zamani ilikaa stoo,
na stoo ina kufuli, na kufuli lina ufunguo,
na ufunguo una mwenyewe,
na mwenyewe siku ile alikuwa Dodoma mjini, semina,
anafundishwa utunzaji wa vifaa.
Kifaa kilitunzwa.
Hakuna aliyekigusa.

Ilikuwa Machi, mtama unabeba masuke.
Mama alitoka ng'ambo ya Bubu, maji kiunoni,
mtoto kamwinua juu ya kichwa.
Saa mbili asubuhi akafika hapa Bahi, akapewa kadi: arobaini na moja.
Akakaa kwenye benchi. Alikuwa na adabu.
Sisi Wagogo tukiwa na shida hatuanzi na kelele,
tunaanza na mbukwenyi, tunaitikiwa,
tunaulizana habari za mvua,
na chini ya kanga kifua kinakimbia,
mbavu zinabonyea kila pumzi, sabini kwa dakika,
na hakuna aliyehesabu.

Saa tano ndipo arobaini na moja ikaitwa.
Mtungi uliletwa jana yake, umejaa.
Nilijaribu koleo la dereva. Nilijaribu mikono.
Kovu hili kiganjani ni la siku hiyo.
Aliitwa Nyemo. Miezi tisa.
Kwetu jina hilo ni furaha. Sitakwambia zaidi.

Hatukuletewa jengo, usitafute jengo.
Tulihamisha benchi.
Pale getini yupo Masima, mlinzi, aliyekuwa refa wa ligi ya kata;
tulimfundisha kuhesabu pumzi kwa saa ya simu yake.
Mtoto akifika, Masima anafunua kanga kabla ya kadi:
ananyonya? anatapika kila kitu? amepata degedege?
ukimwita, anaamka?
Jibu likiwa baya anapuliza firimbi,
na wote tunakimbia, hata mwenye ugali mdomoni.
Mwanzoni watu walinuna. "Huyu si kaja nyuma yetu?"
Masima akawa anawaambia, njooni mtazame kifua chake.
Walitazama. Siku hizi foleni inajipasua yenyewe.

Kwenye kopo hili la biskuti: kanula za njano, maji ya sukari,
barakoa tatu ndogo. Na kamba yenye mafundo.
Mlaze mtoto, mpime kisigino hadi utosi;
dozi zake zimeandikwa ukutani, kila fundo na mstari wake,
maana hakuna anayejua kugawanya akiwa anatetemeka.

Usidhani uzi huu ni hirizi.
Jumamosi firimbi ililia mara mbili.
Mmoja yuko wodini, anamng'ata mama yake.
Wa pili tulikuwa na kila kitu mkononi, na aliondoka.

Msumari aliupigilia mtunza stoo mwenyewe,
kwa jiwe, siku aliyorudi semina,
begi likiwa bado begani.
Kila Jumatatu hupita hapa, huigusa spana, haongei.

Haya, vaa glavu.
Hapana, subiri. Nazima taa,
kwa sababu umeme wa huku unajua kukatika.
Itafute kwa mkono.
Umechelewa. Irudishe.
Tena.